Nilivyokwenda Geita na Uso wa Jiwe

Sikutoka Kishapu kwa kupenda kutembea. Mimi Maganga ni fundi cherehani, na cherehani haitembei. Nilitoka kwa sababu ya mbuzi. Mwaka huo, katikati ya miaka ya hamsini, mbuzi wa jirani alipanda barazani kwangu akala mkono wa koti la mteja, tena koti la harusi. Nilifoka, jamani! Nilimfokea mbuzi, nikamfokea mwenye mbuzi, na hao walipokwenda zao nikaona bado ninazo kelele za akiba, nikammalizia mke wangu Minza, ambaye wakati huo alikuwa kisimani na mbuzi hata hakumwona. Kesho yake bado nafoka. Minza akafunga nguo zake, akaniambia, "Mimi niliolewa na mtu, Maganga. Sikuolewa na radi." Akaenda zake Geita kwa baba yake, seremala katika mgodi wa dhahabu.

Mwezi haukuisha ikaja barua ya mkwe wangu, mzee Masalu: "Njoo mwenyewe tuongee. Mvua kubwa ikianza hujafika, tutakurudishia ng'ombe wako." Kwetu Usukumani ng'ombe wa mahari wakirudi, ndoa imekwisha, hakuna maneno tena. Niliisoma barua ile mara tatu. Nilimpenda Minza, nasema wazi. Kufoka kulikuwa ugonjwa wangu, si chuki.

Siku hizo kulikuwa na padri mmoja mzee aliyeniletea kanzu yake niitie viraka. Nilimweleza shida yangu. Akaniambia kwamba zamani sana, huko Uyunani, walikuwako wenye hekima waliojifunza kutotawaliwa na hasira. Kila jambo likiwatokea walijiuliza: hili liko mikononi mwangu au haliko? Lisilo mikononi mwao waliliachia bila kunung'unika. "Na lililo mikononi mwao," padri akaendelea, lakini hapo mimi nilikuwa nimeshawasha cherehani kwa furaha na sikuyasikia mengine. Nilikuwa nimepata dawa. Nikashona suti nyeupe ya safari, nikajizoeza uso mtulivu mbele ya kioo.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la kwenda Shinyanga mjini. Kando yangu alikaa mama mmoja mwenye kibuyu cha maziwa mgando. Akaniambia, "Baba, nishikie kidogo, mdomo wake uuzibe kwa kidole, nimfunge kuku wangu miguu." Nikashika. Lori likaruka shimo, kibuyu kikalala, maziwa yakaniingia suruali mpaka viatu. Zamani ningefoka hadi dereva asimame. Sasa nikatabasamu. "Mama, usihangaike. Mambo ya barabara hayako katika uwezo wetu."

"Ya barabara sawa," mama yule akasema kwa uchungu, "lakini mdomo wa kibuyu si nilikwambia uuzibe kwa kidole? Maziwa ya wagonjwa wangu hayo!"

Nikamtazama kwa huruma, nikamwona hajafikia elimu yangu.

Jumanne mchana, baada ya kubadilisha lori Shinyanga na kuipita Kahama, tulinasa kwenye mbuga. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, na udongo mweusi wa kule ukilowa hauachii gurudumu. Abiria wote wakashuka, wakakunja suruali, wakaanza kusukuma. Mimi nikapanda kichuguu nikasimama. Nilikuwa na haraka kuliko wote pale, maana kila wingu lililopita lilikuwa kama linawaswaga ng'ombe wangu, lakini nikajituliza. Dereva, Mmanyema mmoja wa Ujiji aitwaye Juma, akaniona.

"We bwana wa suti, mbona umesimama kama mnara?"

"Ndugu yangu, mvua na tope si mamlaka yangu. Nimeyaachia."

"Lahaula! Na mabega hayo nayo si mamlaka yako? Umeyaazima?"

Watu wakaangua kicheko. Nikashuka, nikasukuma, lori likatoka. Mtu mwenye akili angejifunza hapo hapo. Mimi nilijipongeza tu kwamba wamenicheka na sikukasirika.

Jumatano saa nne asubuhi, tulipokwisha kulala Segese, lori lilinishusha Geita. Nyumba za wafanyakazi wa mgodi zilikuwa zimepangwa mistari mistari, na watu wa kila kabila wanapishana. Nyumba ya mzee Masalu ilikuwa ya mwisho, na uwanjani palikuwa na magogo aliyoyachonga ya kuzuia udongo wa mashimo. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba." Akaitika, "Marahaba mwanangu, mhola?" Nikajibu habari ni njema. Mama mkwe sikumwona, maana kwa desturi yetu mkwe wa kiume hamtazami usoni. Nilisikia tu mwiko wake nyuma ya nyumba.

Kisha akatokea Luhende, kaka yake Minza, mchimbaji, mweusi wa vumbi kichwani mpaka vidoleni. Ninyi mnajua, kwetu shemeji ni mtani wako. Akinichokoza, namchokoza.

"Loo! Radi ya Kishapu imefika!" akapaza sauti. "Na suti imepata madoa ya maziwa. Shemeji, bado unanyonya?"

Majirani wakacheka, wakanigeukia kungoja jibu. Na jibu nilikuwa nalo, lilinichoma ulimi. Lakini nikajiuliza: maneno ya Luhende yako mikononi mwangu? Hayako. Nikainamisha kichwa taratibu. "Nimekusikia, ndugu."

Kicheko kikakatika. Luhende akakuna shingo, akaingia ndani.

Alhamisi waliniletea ugali bila mboga, nikala mkavu hivyo hivyo na kushukuru. Mchana walificha kiatu changu kimoja, nikatembea na kimoja. Jioni Luhende akaniita mshona magunia mbele ya watu ishirini, nikamwambia, "Kila mtu ana mtazamo wake." Nilijivuna ndani kwa ndani, nikawaza kwamba hata wale Wayunani wangeniomba niwafundishe. Minza alikuwa akipita na ndoo yake, ananitupia jicho, anakwenda. Mara moja tu alisimama.

"Maganga, nataka ujue. Mimi sirudi Kishapu."

Moyo ulinidunda mpaka nikausikia masikioni. Usoni sikuonyesha kitu. "Hilo ni lako, Minza. Haliko mikononi mwangu."

Akachukua ndoo yake akaondoka.

Ijumaa asubuhi mzee Masalu aliniita uwanjani. Luhende alikuwepo, na Minza amekaa kwenye gogo. Nikadhani nimeshinda, nitasifiwa.

"Mwanangu," mzee akasema, "umekuja kuvunja undugu?"

"Baba! Mimi? Siku tatu sijapandisha sauti!"

"Ndiyo hilo. Mtani wako amekuita kila jina, hukumrudishia hata moja. Tumekunyima mboga, hukudai. Asiyejibu utani anasema, ninyi si watu wangu, sina neno nanyi. Hata mgeni wa njiani tusingemfanyia hivyo."

Minza akainuka. "Baba, nilipomwambia sirudi, nilitaka nione atasema nini. Akanijibu kama karani anayekataa barua. Radi niliichoka, lakini radi ilijua kwamba nipo. Huyu wa sasa nikifa atasema kifo hakiko mikononi mwake, aendelee kula ugali mkavu. Rudisheni ng'ombe."

Mzee akashusha pumzi. "Luhende, kesho utakwenda kuwaswaga."

Hapo uso wangu wa kioo ulipasuka. Nilisimama na kiatu kimoja mguuni.

"Luhende, fuko wee! Thubutu uwaguse! Umechimba dhahabu miaka sita na hata jino la dhahabu huna! Kichwa chako kimejaa vumbi mpaka chawa wanakohoa! Na hiyo kaptula, ingekuwa na mdomo ingenililia mimi fundi usiku na mchana! Lete kiatu changu, mwizi wa viatu vya shemeji!"

Luhende alianguka chini kwa kicheko. "Huyo! Huyo ndiye shemeji yangu!" Nyuma ya nyumba mwiko uliacha kugonga, na mama mkwe akacheka mpaka akakohoa.

Minza hakucheka. Nikamgeukia, na sauti yote ikaniishia.

"Minza, siku ile ya mbuzi nilikuonea. Hukuwa na kosa. Na jana nilikudanganya, ulivyosema hurudi nilitaka kufa. Nisamehe."

Aligeuka. Kisha akaingia ndani, na mimi nikabaki nimesimama pale nikimsikia akivuta vitu, nisijue anatafuta nini. Alitoka na mzigo wake kichwani. "Ukifoka tena," akasema, "mimi sitakuja huku. Nitamleta Luhende aje akae kwako."

Jumamosi tuliondoka, nikiwa na viatu vyote viwili. Wasomaji wangu wa nyumbani, niliyoyapata Geita ni haya. Hekima ile ya kale ni ya kweli, ila mimi niliibeba nusu. Lisilo mikononi mwako liachie, vyema. Lakini kuomba msamaha kuko mikononi mwako, kusukuma lori kuko mikononi mwako, na mkeo akilia, kumjali kuko mikononi mwako. Kumwachia Mungu kazi zako mwenyewe si utulivu, ni uvivu uliovaa suti.

Jumapili, tukiwa tumeipita Kahama, jua linawaka, nikataka koti langu nijifunike kichwa. Minza alikuwa amemfungia humo kuku aliyepewa na mama yake. Kuku alikuwa amefanya mambo yake yote, mfuko hadi kola. Joto lilinipanda kutoka kwenye nyayo. Minza alinikazia macho asipepese. Nikameza mate.

"Minza," nikasema taratibu, "nimekasirika."

"Sana?"

"Sana."

"Hasira hiyo itakufikisha wapi?"

"Shinyanga."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa nauli. Shinyanga tuliposhuka akanigeukia. "Haya, bado unayo?"

Nikajichunguza kwa haki. "Imebaki kidogo."

"Kidogo hicho," akasema, akijitwika mzigo wake, "nitakusaidia kubeba."