Shanga Mia na Kumi na Tatu za Mama

Njaa ilipomchukua mama, aliniachia shanga zake nyeupe, mia na kumi na tatu. Nilichumbiwa wakati reli ya Wajerumani ikikaribia Dodoma, na kwetu bibi harusi alivaa mkanda wa shanga wenye safu zinazolingana. Niliapa kuvaa za mama, zote, bila kuzichanganya na za mtu mwingine.

Nikatandaza ngozi ya mbuzi, nikaanza kuzipanga. Safu mbili, ukabaki mmoja. Safu tatu, zikabaki mbili. Nne, tano, sita, hola. Kwa safu saba moyo ulinidunda, maana kila safu ilipata kumi na sita. Kutazama pembeni, ushanga mmoja umejikalia. Nililia kwa hasira.

Shangazi yangu, aliyesimamia harusi, alichoka kunitazama.

“Utupe huo. Au ongeza za mama yako wa kambo, nani atajua?”

“Mimi nitajua, shangazi.”

“Ukaidi huo umeurithi kwa mama yako!”

“Ndiyo, pamoja na shanga.”

Mchuuzi mmoja wa Kondoa aliyekuwa akipita na bidhaa zake alinionea huruma, akanipa ushanga mweupe bure. Nilimshukuru, nikamrudishia. Shangazi alishika kichwa.

Nane zikakataa, tisa zikakataa, kumi zikakataa. “Endelea basi mpaka mia!” shangazi akanikejeli. Nami ningeendelea kweli. Lakini nilipoanza safu ya kumi na moja, mkono ulisita. Safu zikiwa kumi na moja au zaidi, kila moja haiwezi kupata zaidi ya shanga kumi. Nikiigeuza ngozi ubavu, hizo ni safu kumi au pungufu, na zote hizo nilishazijaribu. Hapakuwa na haja ya kwenda mbele. Kosa halikuwa la mikono yangu, wala shanga hazikuwa na mkosi. Hesabu yenyewe haikubali kugawanyika sawasawa. Nilifurahi kuliko siku niliyochumbiwa.

Basi safu yake ni moja tu. Nikazitunga zote kwenye uzi mmoja mrefu, nikauzungusha shingoni.

“Watu watasema hatuna mkanda,” shangazi akanung'unika.

“Waseme.”

Na walisema, tangu asubuhi ya harusi. Kisha akaletwa bibi yangu kutoka Mlali, mzaa mama, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena. Nikapiga magoti kumwamkia. Mkono wake ulikuwa umeshafika shingoni mwangu. Akaanza kupitisha shanga vidoleni, mmoja baada ya mwingine, na wapiga ngoma wakangoja.

“Ni za mwanangu zote?”

“Zote, bibi.”

“Hamna wa mtu mwingine?”

“Hamna.”

Alifika ushanga wa mwisho, akarudi kwenye wa kwanza, akaanza tena.