Pole Si Naomba Radhi

Mimi ndiye niliyekuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa kiti cha mhariri katika shirika lile la vitabu pale Birmingham, na bosi alipenda kunitambulisha hivyo kwa wageni, mkono begani kwangu, utadhani kanizaa yeye. Sifa nilipewa. Kusikilizwa, hapana.

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo tulikuwa tunatengeneza kitabu cha watoto, Kiswahili ukurasa huu, Kiingereza ule. Hadithi nimeitunga mwenyewe: babu kafariki, majirani wanaingia mmoja mmoja, "Pole, mwanangu." Niliitaka kwa ajili ya watoto wetu wa mtaa wa Sparkbrook, wanaosemeshwa Kiswahili na mama zao wakajibu Kiingereza. Kwenye ukurasa wa Kiingereza neno pole nikaliacha vilevile, maana kule halina mwenzake.

"Wasomaji hawatalielewa," bosi akasema.

Nikamweleza. Aliyefiwa anapewa pole, mgonjwa anapewa pole, hata anayetoka kazini anaambiwa pole na kazi. Akacheka. "Kwani kazini nani kamkosea?" Nikamwambia hakuna aliyemkosea, na ndiyo maana ya neno lenyewe. Akatikisa kichwa kukubali. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe! Siku ya kukizindua, kwenye ukumbi mdogo karibu na Stratford Road, nesi mmoja Mkenya alikuja na sare yake ya kazi, na binti yake akasimama kutusomea upande wa Kiingereza. Jirani wa kwanza akaingia msibani, akasema kwa Kiingereza chake, "Naomba radhi." Wa pili, "Naomba radhi." Wa tatu naye vivyo hivyo. Mtoto akasita, akamgeukia mama yake.

"Mama, hawa wote ndio waliomuua babu?"

Jamani, nilichemka! Kitabu kina jina langu jaladani, na mtu kaingia kwa mlango wa nyuma kabadilisha neno bila hata kuniambia. Nikamuuliza bosi palepale mbele ya watu. Eti alitaka tu kuliweka vizuri. Kuliweka vizuri! Neno nililoambiwa na bibi yangu kila nilipoanguka nikijifunza kutembea, leo yeye ndiye wa kuliweka vizuri?

Nikavuta kiti, nikatoa kalamu, nikaanza kuzifuta radhi zake nakala moja baada ya nyingine, nikiandika pole kwa mkono wangu. Kina mama wakapanga foleni, kila mmoja na kitabu chake. Yule nesi alikuwa mbele. Akaona nilivyoinama, vidole vimeroa wino.

"Pole na kazi, dada."

"Nishapoa, mwenzangu."

Wa nyuma yake naye, "Pole, dada." Na mwingine. Bosi, aliyekuwa kasimama pembeni yangu muda wote, akaninong'oneza: "Mbona wote wanakuomba radhi?"

"Hawa hawajakosa kitu," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Aliyekosa bado hajafungua mdomo kuomba radhi."