Mama wa Simu

Mama wa simu alikaa kijichumbani nyuma ya kaunta ya mapokezi ya hoteli yetu, viatu amevua, kidole kikichezea waya. "Karibu sana, nikuunganishe na nani?" alisema, na wageni walishuka kutoka ghorofa zote kumtafuta mwenye sauti hiyo. Mimi niliyesimama mbele yao kutwa nzima, nimepiga pasi sare yangu, waliniuliza tu yuko wapi. Roho iliniuma. Hata hoteli ilipoanza kufa, lifti ikakwama, ghorofa za juu zikafungwa, na wageni wakahamia hoteli mpya za vioo karibu na uwanja wa ndege, yeye aliwapokea wachache waliopiga kwa utamu uleule.

Siku ya kufunga hoteli, simu ililia yeye akiwa anajitanda mtandio.

"Pokea wewe, mdogo wangu," akaniambia. "Mimi nimeshamaliza."

Akatoka bila kugeuka nyuma. Nikakimbilia kiti chake, kingali na joto, nikaitikia kwa maneno yake, sauti nimeilegeza kama yeye. Upande wa pili alikuwa mzee mmoja.

"Samahani, binti," akasema, "nilidhani nimepiga hotelini."