Kadi ya Bluu kwenye Kioo cha Gari

Daktari aliniuliza ninaendeleaje, nikamwambia naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Akauliza kama natembea. Nikasema natembea. Akaandika. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kitanda chao kinachotandikwa karatasi, fomu ya kaunti ya kuomba kibali cha kuegesha gari kwa walemavu imekunjwa mfukoni mwa shati, nikingoja salamu ziishe ndipo nieleze kilichonileta. Upande wa Nakuru, nilikokulia kabla ya kuja Marekani, humwangushii mtu shida yako mlangoni. Anakuuliza habari yako, unasema nzuri. Anauliza habari za nyumbani, nzuri. Anauliza tena, na sasa unavuta pumzi na kusema, "Nzuri, ila..." Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Daktari hakuniuliza mara ya tatu. Nilipotoa fomu alikuwa ameshasimama.

"Mbona umesema unatembea vizuri," akasema, bila ubaya wowote. Akanirudishia bila sahihi, akaniambia nirudi hali ikizidi.

Hali haikuwa na pa kuzidi. Mwaka uliotangulia nilianguka kutoka nyuma ya trela nikifunga mzigo, nikavunjika nyonga ya kushoto. Waliiunga kwa vyuma, na kazi ya lori ikaishia hapo. Tangu siku hiyo nikitembea urefu wa mabasi mawili, mguu unawaka mpaka nisimame nishike kitu. Kuendesha gari dogo hakunisumbui, maana mguu wa kulia ndio wenye kazi. Tatizo ni kushuka. Maegesho ya huku Texas ni makubwa kuliko viwanja vya mpira vya kwetu, na duka unaliona kule mbali kama mji mwingine. Mara ngapi nilifika, nikazunguka nikitafuta nafasi karibu na mlango, nikaziona zile zilizopakwa bluu ziko tupu, nikarudi nyumbani Euless bila unga.

Nami si mtu wa kukaa. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka na mkoba mmoja, nikaishi Eldoret, Kampala, Juba, kisha huku. Mapenzi yangu yote yalikuwa njiani. Sasa nilikuwa nalala kwenye kochi nikizikumbuka njia moja moja: ile ya kando ya reli nyuma ya shule, ukungu umekaa kwenye mashamba ya mahindi, soksi zimelowa umande. Nilijua nikikosa kibali kile, maisha yangu yaliyobaki yangekuwa kochi na kumbukumbu.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi, anaishi Missouri City, pembeni mwa Houston, mwendo wa zaidi ya saa nne kutoka kwangu. Nilipompigia kumwambia daktari amekataa, aliuliza nilimwambia nini hasa. Nikamweleza. Nikasikia anacheka kwa pua.

"Kwa hivyo ulienda kumsalimia."

"Aliniuliza habari, Dada."

"Ungeniletea mimi habari hizo kazini, ningekurudisha nyumbani vile vile. Sikiliza wewe. Mungu anajua unamshukuru. Daktari mwambie unapumzika mara ngapi kutoka kitandani mpaka chooni."

"Hiyo ni aibu."

"Aibu ni kukaa ndani kama kuku anayelalia mayai."

Nilirudi kwa daktari. Aliponiuliza ninaendeleaje nikasema vibaya, na neno hilo lilitoka kwa shida kama mwiba. Nikamwambia habari ya choo. Nikamwambia habari ya unga. Kisha nikamwomba tutembee pamoja mpaka mwisho wa korido aone mwenyewe. Hatukufika. Kwenye mashine ya maji nilishika ukuta, jasho likinitoka, naye akasimama kando yangu akingoja. Niliudhika kuonekana hivyo, lakini safari hii sikujikaza.

Fomu ina visanduku viwili, ulemavu wa muda na wa kudumu. Alitia alama kwenye cha kudumu, akatia sahihi. Nilikitazama kisanduku hicho kwenye kila taa nyekundu mpaka ofisi ya kaunti. Karani alipitisha macho, akagonga muhuri, akanipa kadi ya bluu yenye picha ya kiti cha magurudumu. Nikaitundika kwenye kioo kabla sijawasha gari.

Jumapili niliegesha kwenye nafasi ya bluu mbele ya kanisa letu la Wakenya. Shemasi wa mlangoni, ambaye nilipolazwa aliniletea uji kila jioni, alinijia kabla sijafunga mlango wa gari.

"Ndugu, leo kuna maombi ya uponyaji. Toa hiyo kitu kwanza."

"Kwa nini?"

"Unakiri ugonjwa. Sisi tunakuombea utembee, wewe umetundika kwamba hutatembea."

"Daktari ndiye aliyesema."

"Na wewe ukakubali."

"Nilimwomba akubali."

Alitikisa kichwa. Akina mama wawili waliobeba sufuria za chakula cha baada ya ibada wakasimama kusikiliza.

"Basi egesha kule nyuma," akasema, "watu wasikwazike."

Kule nyuma ni nyasi na uzio. Niliupima umbali kwa macho. Nilimheshimu mtu huyu, na uji wake niliunywa wakati siwezi hata kuketi. Lakini kama ningekubali kule nyuma, wiki iliyofuata nisingekuja kabisa.

"Shemasi, niombeeni," nikasema. "Nikipona leo, kadi nitakukabidhi mbele ya watu wote. Mpaka hapo gari linakaa hapa."

Mama mmoja akacheka. "Mwache aingie, Shemasi. Chakula kinapoa."

Waliniombea, mikono mingi kichwani, nami nikasema amina kwa moyo wote, maana hakuna anayetaka kupona kwangu kuliko mimi. Nyonga iliuma vile vile. Ibada ilipokwisha nikatoka, hatua chache nikawa garini, na badala ya kurudi nyumbani nikashika barabara kuu ya kusini. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta, nafasi ya bluu mlangoni kabisa, nikanunua chai, nikampigia dada.

"Uko wapi? Nasikia malori."

"Nakuja kwako. Nimeshapita Corsicana."

"Na hukuniambia? Saa zote hizo, na mguu huo?"

"Ningekuambia ungenikataza."

Akasema kichwa changu kimekuwa kigumu tangu utotoni, kisha akauliza kama nitakula ugali au wali. Nikamwambia ugali, na kesho asinipangie kupumzika, kwa sababu nataka nifike Galveston, baharini, barabara inakoishia.