Nafasi Mbele ya Nyumba ya Emil

Jirani yangu Emil Hrabovsky alijua kilichoiharibu dunia, na alitueleza kila Ijumaa ya Kwaresima katika ukumbi wa kanisa, tukila samaki wa kukaanga. Watu hawana haya, alisema, huku akijitwalia kipande cha tatu na foleni bado ndefu. Siku hizi kila mtu ni mimi, mimi, mimi. Mfano wake ulikuwa mmoja tu, bintiye wa kumzaa: Renata anaishi Cleveland na mwanamume ambaye hajamwoa, na wameshazaa.

"Mtoto ana kosa gani, Emil?" nilimwuliza.

"Mtoto hana. Ila yule bwana hakanyagi kwangu, Loretta. Hata sura yake sitaki kuijua."

Na kweli hakuijua. Mjukuu alitimiza mwaka bila kubebwa na babu yake. Picha zake Emil alizifungia kwenye droo, ingawa siku moja nilimkuta amezitandaza mezani, anazikagua kwa lenzi.

Sasa, hapa Pittsburgh theluji ikianguka, ukishachimba theluji upate pa kuegesha gari unaweka kiti cha jikoni, na nafasi inakuwa yako. Sheria haisemi hivyo, barabara ni ya wote, lakini anayeondoa kiti cha mtu ametafuta ugomvi na mtaa mzima. Mimi mwenyewe huweka ubao wa kupigia pasi, sijifanyi mtakatifu. Ila mimi nina gari. Emil aliliuza lake mwaka juzi, macho yalipomnyima leseni. Kiti aliendelea kuweka, na juu yake alimfunga Bikira Maria wa plastiki kwa kamba ya kiatu, ili wezi wa nafasi waone haya. Nesi anayemhudumia jirani yetu mgonjwa alilazimika kuegesha mbali na kutembea kwenye barafu na begi lake.

"Huoni vibaya?" nilimwuliza Emil.

"Kwani nani amechimba? Mimi au nesi?"

Mwezi wa pili Renata alimpigia simu: Jumapili saa sita mchana wanakuja, wote watatu. Akimfukuza bwana wake, basi na yeye na mtoto asiwatarajie tena. Emil alikuja kunieleza, kofia mkononi.

"Utampokea?"

"Nitavumilia," alijibu, kwa sauti ya mtu anayepelekwa msalabani.

Jumamosi theluji ilitufika magotini. Mzee wa miaka sabini na minane alichimba asubuhi nzima, akaweka kiti, akamfunga Maria. Hakutaka nimsaidie.

Jumapili, robo saa kabla ya saa sita, gari la buluu lilisimama. Alishuka mwanamume mwenye ndevu, akakinyanyua kiti taratibu ili Maria asianguke. Emil alitoka na ndara miguuni, beleshi mkononi.

"Wewe! Rudisha hapo! Huoni pana mwenyewe?"

"Samahani mzee, mimi ni..."

"Wewe ni mbinafsi tu! Watu kama nyinyi ndio mmeiharibu nchi hii! Hapo namngojea binti yangu!"

Yule bwana alitazama kiti cha nyuma cha gari. Alimsikiliza kidogo aliyekuwa humo, akarudisha kiti cha Emil palepale kilipokuwa, akamfuta Maria theluji usoni. Kisha wakaondoka.

Nilivuka barabara kwa hasira.

"Unajua umemfukuza nani?"

"Mwizi wa nafasi."

"Umemfukuza bwana wa Renata. Renata mwenyewe nimemwona nyuma, amempakata mtoto."

Emil aliangalia barabara, ambayo kwa macho yale hakuiona mwisho wake.

"Mbona hakusema?"

"Hukumpa nafasi."

Miaka yote nilikuwa nikimcheka mzee huyu, na siku ile nilishindwa. Alipiga simu mara nne, haikupokewa. Akamfungua Maria, akaburuta kiti hadi ndani.

Haikupita nusu saa, mama mmoja tusiyemjua akaegesha palepale. Emil alitoka, mikono mitupu.

"Utakaa sana, mama?"

"Kama saa moja hivi. Kuna tatizo?"

"Hapana, kaa tu. Ila ukiondoka nigongee mlango, nije nisimame hapa mwenyewe. Namngojea binti yangu na mumewe."