Nilimjaribu Mama kwa Telegramu

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni huku Kilifi. Nimeuomba ukurasa huu ulifiche jina langu, kwa sababu nyumbani kwetu gazeti hili husomwa hadi likachakaa. Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali hujibu chini chini, mwalimu akasema, "Limesikia dawati peke yake." Ndiyo maana naandika.

Mama yangu ni mhudumu wa ndege. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Baba alifariki ningali mchanga, nikalelewa kijijini Kakuyuni na hawe, yaani bibi mzaa mama, pamoja na mjomba, ndugu pekee wa mama. Mama akija likizo, majirani walijaa uani kumsikiliza. Aliwasimulia enzi zake za mwanzo: abiria walipanda ndege na suti na tai kama waendao arusini, nyama ilikatwa mbele yao juu ya kigari cha chakula, naye akipita katikati yao na glavu nyeupe. Kabla ya safari wasichana walipandishwa kwenye mizani, na aliyenenepa aliachwa chini. Tulicheka sana. Mama alimkumbuka hata bwana mmoja wa kiti cha mbele ambaye hakutaka maziwa katika chai. Mimi pia sitaki maziwa katika chai. Kila likizo alinitilia.

Mwaka jana nililazwa kwa homa ya matumbo. Shule ilimpelekea mama telegramu. Alikuja siku ya tisa, nimekwisha kurudi darasani, akaniletea chokoleti iliyoyeyuka njiani. Sikumuuliza kitu, alijieleza mwenyewe.

"Mwanangu, kwa ugonjwa hawaturuhusu. Mkubwa wetu husema kila mtu ana mgonjwa kwao. Lakini kwa msiba wa mzazi au mtoto, wanakutoa kazini siku ile ile. Mama yangu ni mtu mzima sasa. Ikitokea, mwambie mjomba wako aandike neno lenyewe. Asizungukezunguke."

Niliitikia. Moyoni nilisikia jambo jingine: kumbe ningekufa, angekuja mapema.

Hawe alifariki alfajiri moja ya mwezi wa Aprili, nikiwa likizo. Asubuhi hiyo hiyo mjomba alinichukua hadi posta ya Malindi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Akaniambia niandike, "Mama mgonjwa sana njoo upesi."

Nikamtazama. Alidhani siijui desturi. "Andika hivyo hivyo, mwanangu. Habari ya mauti haitupiwi mtu aliye peke yake ugenini. Ataambiwa akifika, watu wamemshika mikono."

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Ningemweleza alivyosema mama, mjomba angesikia, kwani si mkaidi. Sikumweleza. Wala haikuwa haya, ingawa nimejidanganya mara nyingi kwamba ilikuwa haya. Nilitaka kuona kama mama atakuja kwa mgonjwa. Nilitaka kujua kama ni mimi tu niliyeachwa, au ni sote. Nikaandika kwa herufi kubwa, karani akapiga muhuri.

Tulimzika hawe siku ya tatu. Mama alifika siku ya tano. Aliingia uani na sare yake, mkononi ana dawa ya kifua na gauni jipya la kulalia, akiita, "Mama! Mama, nimekuja!" Hakuna aliyewahi kumshika mikono. Aliyafuata macho ya watoto hadi akauona udongo mpya.

Kesho yake, watu wangali matangani, mke wa jirani akasema kwa sauti, "Ndege wote jua likichwa hurudi mtini. Huyu wetu mti wake uko Ulaya." Wenzake wakaguna. Mama akamgeukia mjomba.

"Umeniua, kaka. Kwa nini hukuandika?"

"Dada, tangu lini mauti yakaandikwa?"

"Nilituma neno! Nilimwambia mtoto akwambie!" Akanigeukia mbele ya watu wote. "Wewe, ulimwambia au hukumwambia?"

"Nilimwambia," nikasema. Siku hiyo kila mtu alinisikia.

Mjomba alinitazama. Hakukasirika. "Basi kama mtoto amesema, amesema," akajibu, akaenda kufunga mbuzi.

Tangu hapo hawasemezani. Majirani wanasema mjomba alimficha dada yake kusudi, ili aonekane yeye peke yake ndiye aliyemzika mama. Kanisani hawamwiti tena kuongoza maombi ya wafiwa. Naye bado huniletea mihogo ya kukaanga siku ya kutembelewa, huniuliza hesabu zinaendaje, na lile jambo haniulizi.

Mama anastaafu mwishoni mwa mwaka. Alikusudia kujenga Kakuyuni, ubavuni mwa kaka yake. Sasa ameniandikia kwamba tutakaa Nairobi, na Januari nitahamia shule ya huko. "Miaka yako yote nimeipoteza hewani," ameandika. "Nimebaki na wewe tu, ambaye hujanidanganya." Barua hiyo nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Ni maneno niliyoyangoja tangu utotoni, na nimeyapata kwa uongo.

Mchungaji amewaita mama na mjomba Desemba, mama akishamaliza safari yake ya mwisho, wakae wapatane. Mama amekubali kwa sharti moja: mimi niwepo, nirudie mbele ya wazee niliyoyasema.

Nikisema kweli, mjomba atarudishiwa heshima yake, na mama, ambaye ndiyo kwanza anashuka aje akae nami, atajua kwamba aliyemnyima kumzika mama yake ni mimi. Nikirudia uongo, nitakuwa na mama. Kati yenu wamo walio na umri wake, na waliokwisha kuzika wazazi. Msiniambie kwamba Mungu husamehe, hilo nalijua. Niambieni, mngekuwa ninyi ndio mama yule, mngetaka kuambiwa? Nipeni shauri kabla ya Desemba. Nifanye nini?