Uwanja Niliowanyima Kina Mama wa Mtaa Wetu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nainamisha macho hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa mwenyekiti wa mtaa huku Kabasa, Bunda. Kina mama walikuja nyumbani kwangu, mke wangu Mama Nyangeta akiwa mbele yao, kuomba uwanja wa mpira jioni mbili kwa wiki wafanyie mazoezi. Hospitali walikuwa wameambiwa kwamba presha na sukari zitawamaliza wasipoushughulisha mwili.

Niliwacheka. Mimi nimekulia kwenye mashamba ya pamba. Mazoezi niliyoyajua ni jembe.

"Mtu mzima mwenye wajukuu, unarukaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba?" nilisema. "Mkitaka jasho, shamba si lipo?"

"Shamba gani, Mwenyekiti?" akanijibu jirani yetu, Mama Kulwa. "Tulikuwaga tunalima. Siku hizi tunakaa dukani kutwa nzima, tunanenepa tu kama magunia yako ya pamba!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Alisema taratibu, "Baba Nyangeta, mimi nauombea mwili wangu."

Ningeweza kukubali pale pale. Lakini niliwaza watu watasemaje wakimwona mke wa mwenyekiti amevaa suruali, anakimbia mbele ya vijana. Nikasema uwanja ni wa vijana. Ulikuwa uongo, jioni nyingi walikuwemo mbuzi tu. Kina mama wengine wakaenda kutembea kando ya barabara, kwenye vumbi la malori. Mke wangu nilimkataza, naye akanitii.

Mwaka haukuisha, akaanguka dukani. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalegea.

Nesi alinifundisha kumnyoosha viungo. Kila asubuhi nilishika mguu wake, nikaukunja, nikaunyoosha, nikihesabu kwa sauti. Siku moja alinitazama, mdomo umepinda, akasema kwa shida, "Leo umekubali, Mwenyekiti." Alikuwa ananitania. Nilitoka nje, nikalia nyuma ya jiko. Baada ya miezi minne tulimzika.

Mchungaji aliniambia siku yake ilikuwa imefika. Huenda. Alisema hivyo kwa kunihurumia, lakini mimi najua nilichomnyima.

Mwanangu, ukipewa uongozi, hata wa mtaa tu, na watu wakaja kuomba mahali pa kukimbia, pa kucheza, au pa kukaa tu wakapumzisha akili, usidhani wanaomba anasa. Usiwapime kwa umri wala kwa maisha uliyoishi wewe. Na mkeo akikuambia mwili wake unahitaji kitu, usitangulize aibu yako. Mfungulie njia, kisha vaa viatu uende naye.

Mungu akupe miguu yenye nguvu hadi uzeeni, na akujalie kumsikia mwenzako wakati bado anaomba.